Darasa la bure la kucheza kwa vijana Mabatini: ukumbi upo, sakafu ni niru, tuanzeje?

Mkazi wa Mabatini

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaofundisha kucheza, mafundi, na wanaojua taratibu za watoto.

Serikali ya mtaa imekubali ukumbi wake utumike bure jioni kwa darasa la kucheza, hapa Mabatini, Mwanza. Urefu ni mita 11, upana mita 7. Sakafu ni sementi iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu, madirisha ya nondo pande mbili, soketi moja, hakuna kioo. Ukumbi huohuo hutumika kwa mikutano ya mtaa, kwa hiyo chochote tutakachoweka lazima kiwe cha kuondoleka. Walioandikishwa ni 42, umri miaka 8 hadi 17, wavulana ni wengi kuliko wasichana. Wengi wanashuka kutoka kule juu kwenye mawe; wazazi wao ni wachuuzi, mama lishe na wapagazi wa soko la Mwaloni Kirumba. Wapo wanaosoma, wapo walioacha shule. Wanachokijua ni stepu za singeli na amapiano wanazoziiga kwenye simu, na wengine wanazicheza vizuri kweli.

Walimu ni vijana wawili, miaka 22 na 24. Kucheza wanajua sana ila hawajawahi kufundisha.

Je, sakafu hiyo ni salama? Watoto wote wanaweza kuingia kwa pamoja? Kipindi kipangweje ili kiwe somo, si watu kujirusharusha mpaka giza liingie? Na karatasi gani zinatakiwa kabla ya kuanza? Bajeti ni ndogo, na watoto hawatatozwa kitu.

Hesabu ya Nane

Mkuu, anza na hesabu ya nafasi. Ukumbi wako una mita za mraba 77. Anayecheza huku amenyoosha mikono na kupiga hatua moja kila upande anahitaji mita mbili kwa mbili, yaani mita za mraba 4. Toa mita moja na nusu ya mbele ya mwalimu na spika, inabaki nafasi ya watu 16. Ukiwaingiza 42, kila mmoja anapata chini ya mita za mraba 2; viwiko vitapiga meno ya watu na mwalimu hatamwona aliye nyuma.

Kwa hiyo makundi matatu ya watu kama 14: miaka 8 hadi 11, 12 hadi 14, na 15 hadi 17. Usiwagawe kwa uwezo. Mtoto wa miaka 9 anayemzidi singeli kijana wa 16 bado ana mifupa ya miaka 9.

Ratiba ifuate jua. Mwanza jua linazama saa 1 kasoro karibu mwaka mzima, na mwezi wa kumi na kumi na moja linawahi zaidi. Mtoto anayepanda njia za mawe anahitaji nusu saa ya mwanga, kwa hiyo mlango ufungwe saa 12:10. Wadogo wawe Jumatatu na Jumatano saa 10:00 hadi 11:00, kundi la kati siku hizohizo saa 11:05 hadi 12:10, wakubwa Jumanne na Alhamisi saa 10:40 hadi 12:10. Jumamosi iache kabisa: kanda hii ina Wasabato wengi na utawapoteza watoto wao wote. Ijumaa nayo ina sala ya mchana kwa Waislamu, na Wasabato huanza sabato yao jua likizama. Siku ya ziada inayowafaa wengi ni Jumapili kuanzia saa 9 alasiri. Kabla ya kuitangaza ratiba, uliza pia madrasa za karibu zinakaa saa ngapi.

Kipindi cha dakika 60 kiende hivi. Dakika 3 za kwanza ni duara, majina yanaitwa, mwalimu anakagua miguu: kidonda, kucha ndefu, anayechechemea. Dakika 12 ni kupasha mwili: kutembea kwa mdundo, kunyanyua magoti, kuzungusha mabega na nyonga, kuchuchumaa nusu mara 10, kupanda na kushuka kwenye vidole vya miguu mara 15, na mwisho kabisa kuruka kidogokidogo. Dakika 10 za msingi mmoja tu, kwa mfano kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, au kutua. Dakika 20 za mlolongo wa hatua zilizounganishwa, nane nne, yaani makundi manne ya mapigo manane, jumla mapigo 32. Dakika 10 za duara ambamo kila mtoto anaingia katikati na kucheza nane moja ya kwake. Dakika 5 za kupoza mwili na kunyoosha, sekunde 20 hadi 30 kila msuli. Kunyoosha kwa kukaa mkao mmoja muda mrefu kuwe hapo mwisho, kusiwe mwanzoni: msuli uliovutwa dakika nzima kisha ukaambiwa uruke unakuwa umepungua nguvu.

Duara hilo la dakika 10 usilikate hata muda ukibana. Ndipo mtoto anapoacha kuiga simu na kuanza kutunga, na ndipo yule mkimya wa nyuma anapoonekana.

Kufundisha mlolongo: nane ya kwanza kwa mdomo na makofi bila muziki, polepole. Wakiishika, nane ya pili peke yake. Kisha unganisha mbili. Ndipo ya tatu. Mwalimu anayeonyesha mapigo 32 kwa mkupuo mmoja na kuwasha muziki hapohapo atawapata watano wa mbele, waliobaki watakuwa wanawatazama hao watano. Muziki uje mwishoni. Amapiano nyingi zina mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, zinafundishika vizuri. Singeli inapita 200, na mtoto anakimbizana na kelele badala ya hatua; ifundishe kwa nusu kasi, hatua moja kwa mapigo mawili, ndipo uiachie.

Kutokuwa na kioo si hasara. Kioo kinawafanya wajitazame nyuso. Mwalimu akiwageukia watoto acheze kinyume, yaani akisema kulia yeye atumie kushoto kwake, waone kama kivuli chao. Bora zaidi, asiseme kulia na kushoto kabisa kwa wadogo. Aseme "upande wa barabara" na "upande wa mlango". Kila dakika tano mstari wa mbele uende nyuma.

Sasa majeraha. Sheria ya kwanza ni kutua bila sauti: vidole, unyayo, kisigino, goti linakunjika na kuelekea kidole cha pili cha mguu. Ukisikia "pwaa", rudia kwa urefu mdogo. Angalia magoti yanayoingia ndani wakati wa kutua, hasa kwa wasichana wa 12 hadi 15; hapo ndipo goti linapoumia. Kati ya miaka 11 na 14 mifupa inarefuka kwa kasi kuliko misuli, na mtoto atalalamika maumivu chini ya goti, pale juu ya ugoko penye kinundu. Hiyo si uvivu. Mpunguzie kuruka na kuchuchumaa kwa wiki kadhaa, aendelee na mikono, mdundo na kutunga. Na wakatazeni kabisa kusukumana kwenye msamba. Mtu anashuka mwenyewe hadi anapofika, hakuna wa kumkalia mabegani.

Fundi Mbao Igoma

Naongezea kwenye sakafu, maana hapo ndipo pesa zinapoliwa.

Niru ina matatizo mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza ni ugumu. Sementi hairudishi kitu, mshtuko wote unapanda kwenye ugoko na goti. Dalili yake ni maumivu yanayosambaa ukingoni mwa mfupa wa ugoko, yanauma mwanzo wa zoezi, yanapungua mwili ukipata joto, yanarudi usiku. La pili ni utelezi. Niru kavu na safi haitelezi sana, ila ikichanganyika na jasho na vumbi laini inakuwa hatari.

Utelezi hauhitaji pesa. Fagia, kisha deki kwa maji matupu, acha ikauke dakika 20 kabla ya darasa. Usitumie sabuni nyingi, na polishi ya sakafu au mafuta ya taa yasiguse kabisa eneo hilo. Anayetoka jasho jingi awe na kitambaa. Wacheze peku au na raba zenye soli bapa. Ndala hapana, na soksi tupu kwenye niru ni mkono kuvunjika. Kama ni peku, mtu mmoja apite na tochi ya simu akiwa ameinama chini kabisa kila siku. Kioo na pini vinang'aa kwa mwanga wa pembeni, kwa mwanga wa juu huvioni.

Ugumu unahitaji mbao. Kwa kuwa ukumbi ni wa mikutano pia, tengeneza vipande vya kunyanyua. Chukua marine board (plaiwudi inayostahimili maji) za milimita 18, zile za futi 8 kwa 4, jumla 12. Zipange tatu kwa urefu na nne kwa upana, unapata jukwaa la futi 24 kwa 16, yaani mita 7.3 kwa 4.9. Linatosha watu 8 au 9 wanaoruka kwa pamoja, waliobaki wanafanya mazoezi yasiyo ya kuruka pembeni, halafu wanapokezana.

Chini ya kila ubao gundisha vipande vya mpira au sponji ngumu, sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 2.5, umbali wa sentimita 30 kutoka kitovu hadi kitovu. Ubao mmoja utachukua vipande 45, safu 9 za vipande 5. Kwa mbao zote 12 ni vipande 540. Vinaonekana vingi, lakini ukiviachanisha mno ubao unabonyea katikati na mtoto anahisi mashimo. Safu za pembeni zisogee hadi sentimita 3 kutoka ukingoni, la sivyo ukingo utainuka mtu akikanyaga upande mwingine.

Sponji ya godoro la kawaida usinunue, italala ndani ya wiki chache. Ipime dukani: weka kipande chini, simama juu yake kwa kisigino kimoja. Ikibonyea karibu nusu na kurudi, chukua. Ikilala hadi chini, acha. Mpira wa tairi ni mgumu mno ukitumika peke yake; mafundi wengine huuweka juu ya sponji, na unasaidia gundi ishike.

Viungo kati ya ubao na ubao ndipo vidole vya miguu vinapokatika. Piga msasa kingo zote ziwe na mviringo kidogo. Chini ya kila kiungo pitisha ukanda wa plaiwudi wa sentimita 20, nusu uwe umefungwa kwenye ubao mmoja kwa gundi na skrubu, nusu ya pili ipokee ubao wa jirani. Hapo kwenye ukanda tumia vipande vya sponji vyembamba zaidi, kimo kiwe sawa na kwingine. Misumari usitumie, inapanda juu kwa mtikisiko. Skrubu zizame milimita 2 ndani ya mbao kisha ziba. Funga jukwaa zima kwa fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 kuzunguka lisitembee.

Ubao mmoja una uzito wa kilo 30 na ushee, wabebe watu wazima wawili. Uhifadhiwe umesimama, umeegemea ukuta, juu ya vipande vya mbao, usiguse sakafu. Masika na vuli ukuta ukitoa unyevu, tabaka za ubao zinaachana kuanzia kona. Paka vanishi isiyong'aa kwenye kingo na upande wa chini, mara mbili.

Pesa isipotosha, nunua mbao 6 na uzitumie kwa kuruka tu. Na kabla hujanunua hata moja, kuruka juu ya sementi kusizidi dakika 5 kwa kipindi.

Mwana Kisesa

Ushauri mzuri hapo juu. Naomba tu msiwafundishe watoto hawa kana kwamba kucheza kumeanzia kwenye simu.

Mko kilomita 20 hivi kutoka Bujora, Kisesa, ambako makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement bado yapo, na sherehe za Bulabo hufanyika kila mwaka mwezi wa sita. Wasukuma walikuwa na vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Wagika na Wagalu, tangu karne ya 19. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi kwake ndiye mshindi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu yao.

Hilo lifanyeni ukumbini kila Jumapili. Kundi moja liwe upande wa mlango, jingine upande wa dirisha, mdundo mmoja, dakika mbili. Waliobaki wanaanzia katikati na kwenda wanakovutiwa. Muziki ukikoma, kila aliyehama aseme kitu kimoja alichokiona: "wameshuka pamoja", "yule amesimama ghafla". Sharti ni moja, ataje tendo, asitaje sura wala nguo. Watoto wanajifunza kutazama, na kutazama ni nusu ya kucheza. Pia hakuna jaji wa kumlaumu.

Kwa mwili, bugobogobo ni shule nzima. Ni ngoma ya wakulima, inachezwa na majembe, na ngoma kubwa ndiyo inayoongoza. Magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimeinama mbele kutoka kwenye nyonga, uzito uko chini, mgongo mrefu. Kijana aliyezoea kucheza wima kwa mikono na uso ataungua mapaja dakika ya pili. Wapeni dakika moja moja, kupumzika nusu dakika, mara nne. Kosa la kawaida ni kukunja mgongo badala ya nyonga: weka fimbo nyepesi mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Ikiachana na sehemu mojawapo, ameinamia mgongo.

Jembe la chuma lisiingie ukumbini. Anzeni na fimbo ya sentimita 70 iliyozungushiwa kitambaa mwishoni. Kwanza kuipokeza mkono kwa mkono bila kuirusha, kisha kuirusha nusu mzunguko, kisha mzunguko mzima, nafasi ya mita 3 kati ya mtu na mtu. Anayeiangusha aiache ianguke. Wanaojeruhiwa ni wale wanaoidaka wakiwa wamepoteza mwelekeo. Ngoma ya nyoka ya Wasukuma msiicheze na nyoka halisi. Kamba nene inatosha.

Mabatini si Wasukuma peke yao. Wapo Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya. Kila mtoto apewe wiki mbili amwulize bibi au jirani mkubwa hatua moja ya kwao, aje aifundishe wenzake. Mwalimu asiisahihishe siku hiyo.

Mama Ustawi

Upande wa taratibu. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wote 42 wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Karatasi moja inatosha: jina, umri, namba mbili za simu, anakoishi, nani anaruhusiwa kumchukua, maradhi aliyonayo, na kama mzazi anaruhusu picha. Mlezi asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, aweke dole gumba. Kijana anayejitegemea mtaani, msimrudishe. Mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata mkaongee naye pamoja.

Barua ziende kwa mtendaji wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na afisa utamaduni wa Jiji la Mwanza. Kundi likianza kufanya maonyesho kwa umma kama kikundi cha sanaa, usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, unahitajika. Afisa utamaduni atawaelekeza. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, ni mikopo na inarudishwa. Darasa la bure halizalishi marejesho. Msiingie humo kwa ajili ya mbao.

Kuhusu maradhi, ulizeni mahususi: selimundu (sickle cell), pumu, kifafa, moyo. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu na wengine wazazi wanaficha wakidhani watakataliwa. Mtoto huyo anaweza kucheza, ila anywe maji kila dakika 15, apumzike akitaka bila kuulizwa, asilowe jasho kisha akae kwenye upepo. Akilalamika maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo, au akipata homa, zoezi limekwisha na anapelekwa kituo cha afya na mtu mzima. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mwalimu, si nyumbani.

Baada ya mazoezi wasikimbilie ziwani au mtoni kuoga. Kichocho kipo pwani yote hii. Wekeni ndoo ya bomba na sabuni hapohapo ukumbini.

Njaa: wengi watakuja hawajala mchana. Kwa watu 14, lita 4 za uji, unga gramu 400, karanga za kusaga gramu 100, sukari kidogo. Asiyekula anywe nusu kikombe nusu saa kabla, wote wapate kilichobaki baada ya kipindi. Mkigawa wote kabla, mtawapata wanaotapika kwenye kuruka.

Usalama wao hauna mjadala. Watu wazima wawili ndani muda wote, mlango wazi, mmoja akiwa mwanamke. Mwalimu haongozani na mtoto mmoja kwenda popote. Kumshika mtoto ili kumrekebisha mkao ni kwa kumwomba kwanza, na begani, kiwikoni au kisigino tu. Hakuna maonyesho ya baa wala ya usiku. Video ikipandishwa mtandaoni isiwe na jina wala sare ya shule. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure, ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka 8.

Mkazi wa Mabatini

Asanteni sana, hasa fundi kwa vipimo. Yamebaki matatu. Wasichana wanaandikishwa ila wazazi wanasema hayo ni mambo ya uhuni. Umeme huku unakatika mara kwa mara. Na hawa walimu wangu wawili, wakiumwa au wakipata kibarua kingine darasa linakufa. Nifanyeje?

Mama Ustawi

Wasichana kwanza. Mama haogopi kucheza, anaogopa giza, nguo na maneno ya nyimbo. Nguo iwe taiti na fulana inayofika mapajani, kwa wote. Nyimbo ziwe zilizosikilizwa hadi mwisho na mtu mzima kabla, maana jirani anasikia kupitia dirishani na habari inafika nyumbani kabla ya mtoto. Wengi wanalea wadogo zao jioni. Tandika mkeka kona ya ndani, waje nao, wakubwa wapokezane kuwaangalia. Pawe na pazia la kubadilishia nguo na pedi kwenye kasha ambalo msichana anachukua bila kuomba. Na wiki ya sita waite wazazi waje kutazama kipindi cha kawaida, pamoja na kupasha mwili na kusahihishwa. Shoo ya mavazi isubiri. Wanachotaka kuona ni mwalimu anavyoongea na binti yao.

Hesabu ya Nane

Umeme: spika ya kuchaji inayokaa saa 6, nyimbo kwenye flashi badala ya kutegemea bando, na ngoma moja ya ngozi. Ngoma ni bora hata umeme ukiwepo, kwa sababu mpigaji anamsubiri mtoto na wimbo haumsubiri mtu. National Dance Institute ya New York, iliyoanzishwa na Jacques d'Amboise mwaka 1976 kwa ajili ya watoto wa shule za umma, hufundisha na mpiga muziki akiwa ndani ya darasa. Mabatini hamtakosa kijana wa kwaya anayejua ngoma.

Walimu ndilo swali gumu kuliko sakafu. Tazama ng'ambo ya ziwa: Breakdance Project Uganda ilianza Kampala mwaka 2006, bure, kwa msimamo kwamba kila anayejifunza anafundisha pia. Fanya hivyo kwa ratiba, usiache kwa hiari. Mwezi wa pili tangu darasa lianze, chagua wanne wa kundi la wakubwa, wavulana wawili na wasichana wawili, na usichague kwa ufundi wa kucheza. Chagua wanaowahi, na wanaomwona mtoto aliyepotea hatua wakamsogelea. Kila mmoja aongoze kupasha mwili kwa wadogo kwa wiki tatu, dakika 12 zilezile. Kisha aongeze msingi. Kisha nane moja ya mlolongo. Mwezi wa tano wa darasa mmoja wao anaendesha dakika 60 nzima mwalimu akiwa amekaa kimya pembeni na daftari. Watu wazima bado wawe wawili ndani.

Walimu wako wawili waanze na kosa moja, kucheza sana. Mwalimu mgeni anacheza mwanzo hadi mwisho na watoto wanatazama shoo. Aonyeshe mara mbili, asimame, atembee kati ya mistari. Kila kipindi awe amemwita kila mtoto kwa jina angalau mara moja na kumwambia jambo moja mahususi. "Safi" pekee haimfundishi mtu. "Kisigino chako kimefika chini" inamfundisha.

Anza katikati ya Januari au Julai, mzunguko wa wiki 12. Septemba utapungukiwa darasa la saba, Novemba kidato cha nne. Wawekee nafasi zao na uwaambie hivyo, wasione aibu kurudi. Wiki 1 hadi 5 ni mdundo, uzito na kutua. Wiki ya 6 wazazi. Wiki 7 hadi 10 wanatunga kipande cha dakika 3 au 4 kutoka kwenye zile nane zao za duarani. Ya 11 kukariri, ya 12 kuonyesha hapohapo mtaani, mchana.

Fundi Mbao Igoma

La mwisho dogo: funguo za ukumbi. Ziwe tatu, moja kwa mjumbe wa mtaa anayeishi karibu, moja kwa kila mwalimu. Na mkutano wa mtaa ukipangwa, mbao zihamishwe siku moja kabla na watu wenu wenyewe. Zikihamishwa na wengine zitaburutwa, na sponji zote za upande mmoja zitabanduka siku hiyohiyo.

Mkazi wa Mabatini

Nimeandika yote. Tunaanza na mbao 6, makundi matatu, Jumatatu hadi Alhamisi na Jumapili alasiri. Fundi, naomba ujumbe wa faragha kuhusu gundi; iliyopo dukani huku ni ile ya maji na ile ya njano ya viatu, sijui ipi inashika sponji kwenye marine board.

Fundi Mbao Igoma

Ya njano ya viatu. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 ikiacha kunata kidoleni, ndipo ubandike na ukandamize. Fanyia nje au madirisha yote yakiwa wazi, mbali na moto, na watoto wasiwepo siku hiyo.